Tochi Niliyompelekea Mama Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja pale Voi, nikiwa bado bibi arusi wa juzi, leso zangu za ndoa hazijapauka. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru. Mume wangu Eliudi alifanya kazi ya reli, kuunganisha na kutenganisha mabehewa stesheni, nasi tulikaa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja, jiko nje. Krismasi ilikuwa inakaribia. Kabla hajaenda zamu, Eliudi aliniwekea pesa mkononi.

"Tukienda nyumbani Mwanda nataka tumpelekee mama tochi," aliniambia. "Anakwenda kukama alfajiri na koroboi mkononi, na juzi nusura aunguze zizi. Chukua ndogo, ya betri mbili, yenye swichi laini. Vidole vya mama unavijua."

Nilimjibu kwamba nimesikia. Na kweli nilisikia, mwanangu, hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Sikio la kufa halisikii dawa, walisema wahenga, lakini sikio langu lilisikia vizuri. Kilichokataa ni moyo.

Ngoja nikueleze moyo huo ulikuwa na nini. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mjane mwenye wana wawili wa kiume. Yule mkubwa, Mwadime, alikaa naye huko juu Mwanda akilima, na mkewe aliitwa Wakesho. Huyu Wakesho alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono migumu. Kila kulipokucha alimpelekea mama kuni na maji. Mimi nilizaliwa Mraru, huku chini tambarare, na Mwanda nilipanda mara moja moja nikiwa na mkate na majani ya chai. Katika ziara iliyotangulia, jirani mmoja alisema kwa mzaha, na mimi nasikia, "Mke wa Voi huleta mkate, ukiliwa umekwisha. Mkwe ni Wakesho." Watu walicheka. Wakesho mwenyewe hakucheka. Lakini mimi neno lile lilinikwama kooni kama mfupa, nikaapa kimoyomoyo kwamba safari nyingine nitaleta kitu kisicholiwa kikaisha, na kila mtu atakiona.

Basi nikaenda dukani. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, asiyekuwa na haraka na mteja. Alizilaza tochi mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa ndogo, ya bati lililopakwa rangi ya kijani, nyuma ina kitanzi cha kutia kamba. Ya pili ilikuwa ndefu kama mchi wa kinu kidogo, inang'aa mwili mzima, ya betri tatu. Kichwa chake ukikizungusha, mwanga ulijikusanya ukawa mwembamba, ukaenda mbali sana.

"Ya nani?" aliniuliza.

"Ya mama mkwe."

"Mzee?"

"Mzee kiasi."

"Basi chukua hii ndogo, mama. Ile kubwa hununuliwa na walinzi wa usiku. Ni nzito, na betri zikiisha anunue tatu."

Mwanangu, nilihisi kama nimetukanwa. Nilidhani ananiona maskini asiyeweza kulipia zaidi ya ile ya kijani. Niliinua ile ndogo, nikamwona yule jirani wa Mwanda akiitazama na kutabasamu, nikairudisha juu ya kaunta. Nikaichukua ile ndefu. Niliibonyeza swichi kwa dole gumba, ikakataa. Nikatia nguvu, ikawaka. Nilikuwa na vidole vya msichana, na havikunikumbusha vidole vya mtu mwingine yeyote. Pesa ya Eliudi haikutosha, nikaongezea ile niliyokuwa nimejiwekea ya kitambaa cha gauni, na kwa kufanya hivyo nikajiona mkarimu kupita wakwe wote wa Taita.

Jioni Eliudi aliishika, akaipima uzito kwa mkono. "Si nilisema ndogo?"

"Ndogo zilikuwa zimekwisha," nikamjibu.

Hakuuliza tena. Mtu aliyeshinda na minyororo ya mabehewa toka asubuhi hana nguvu ya kubishana juu ya tochi. Uongo wangu ukapita kama maji, nami nikalala usingizi mzuri.

Tulipanda basi mpaka Wundanyi, kutoka hapo tukaenda kwa miguu, Eliudi na mzigo begani, mimi na tochi ndani ya kikapu, nimeifunika kwa leso mtu asije akaiona kabla ya wakati wake. Maana nilikuwa nimeshaupanga wakati wake. Sikumpa mama tulipofika, tulipokuwa watu wa nyumbani tu jikoni. Nilingoja siku ya Krismasi yenyewe, baada ya ibada, majirani walipojaa uani kula wali, na jua likishazama nyuma ya kilima. Hapo ndipo nilipoitoa. Nikakizungusha kile kichwa, nikaumulika mgomba wa watu ng'ambo ya bonde, na majani yake yakaonekana moja moja. Watoto walipiga kelele za furaha. Wanaume waliacha mazungumzo yao wakaja kuangalia. Yule jirani wa mkate akasema, "Leo Voi imefika." Nilishiba kwa neno hilo kuliko kwa wali.

Ndipo nikamwekea mama mkononi. Mkono wake ulishuka kidogo kwa uzito. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, akaitazama kwa adabu, kama mtu anayetazama mtoto wa mgeni.

"Hapa pa kuwashia ni wapi, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nikamwonyesha. Dole gumba lake lilikuwa limepinda upande kwa jembe la miaka mingi. Alibonyeza, haikuwaka. Akashika kwa mikono miwili, akabonyeza kwa madole gumba yote mawili, ikawaka.

"Utazoea, mama," nikasema huku nacheka.

"Nitazoea. Mungu akubariki."

Wote pale walikuwa wanaangalia mwanga ulikokwenda. Wakesho peke yake alikuwa anaangalia vidole vya mama. Nilimwona, nikadhani ni wivu. Mwanangu, mtu mwenye wivu huwaona wengine wote kuwa na wivu.

Masika yalipoingia, kondakta wa basi la Wundanyi alitupitishia habari pale landhi. Mama ameanguka njiani kwenda zizini, mkono umevunjika. Eliudi aliomba ruhusa, tukapanda siku ya pili yake, milima yote imevaa ukungu.

Tulimkuta amekaa karibu na moto, mkono wa kulia umefungwa vijiti na mtaalamu wa mifupa wa pale pale, uso umevimba upande mmoja. Alifurahi kutuona kana kwamba sisi ndio wagonjwa tuliopona.

"Niliteleza tu," alisema. "Mvua hii. Mawe yamekuwa kama sabuni."

"Na tochi, mama?" Eliudi aliuliza. "Hukuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Tochi ni nzuri sana. Miguu ndiyo imezeeka."

Nitakwambia ukweli ambao sijawaambia wengi. Niliposikia maneno hayo, kabla ya kumhurumia, nilipumua. Nilifurahi kwamba tochi yangu haina kosa. Mama wa mume wangu amekaa mbele yangu na mfupa uliovunjika, nami naitetea tochi moyoni. Ukitaka kujua kiburi kinavyomla mtu, usitafute mfano mwingine.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuteka maji na Wakesho. Njiani, nikitaka kusema neno tu la kuondoa kimya, nilisema, "Ni bahati mbaya. Na afadhali alikuwa na tochi yenye nguvu, bila hiyo pengine angeanguka vibaya zaidi."

Wakesho alilitua debe lake chini. Alinitazama, si kwa hasira.

"Dada, mama alinikataza kukwambia," alisema. "Lakini nikinyamaza wewe utaendelea kuisifu, na yeye akipona ataishika tena ili usivunjike moyo. Safari hii ameumia mkono. Sijui safari nyingine ataumia nini."

"Kuniambia nini?"

"Tochi ile haishikiki kwa mkono wake mmoja. Ni nzito, na swichi ni ngumu. Kila akitaka kuiwasha lazima aiweke fimbo chini aibonyeze kwa mikono miwili. Na ikiwaka inamulika kule mbali, hapa miguuni haoni kitu, na kile kichwa cha kuzungusha hakiwezi. Siku ile ilizimika akiwa katikati ya ngazi za mawe, kibuyu cha kukamia kimening'inia kwenye kiwiko. Akaweka fimbo, akaanza kubonyeza gizani. Ndipo akateleza. Mimi nilisikia kibuyu kikipasuka, nikakimbia."

Wakesho akaendelea, na sauti yake ikawa ndogo zaidi.

"Nilimkuta amelala kwenye matope. Neno lake la kwanza halikuwa la maumivu. Alisema, 'Usimwambie mke wa Eliudi. Aliileta kwa moyo mweupe.'"

Mwanangu, nimeshawahi kutukanwa katika maisha yangu. Nimeshawahi kufukuzwa mahali mbele za watu. Hakuna lililonichoma kama sifa ile nisiyoistahili. Moyo mweupe. Nilisimama na debe tupu, nikaukumbuka uso wa mwenye duka, nikaikumbuka tochi ya kijani, nikaukumbuka uongo niliomwambia mume wangu, nikatamani Wakesho angenipiga kofi yaishe. Yeye alinijazia debe langu kwanza, kisha lake, akanitwika, tukapanda.

Nilimsubiri Eliudi atoke kwenda kumtazama ng'ombe, nikaenda kupiga magoti karibu na kigoda cha mama. Kwa desturi yetu mkwe hamkabili mama mkwe hivi hivi, macho kwa macho. Niliangalia majivu.

"Mama, Eliudi aliniagiza tochi ndogo. Ndogo zilikuwapo. Nilichukua ile kubwa ili watu wa Mwanda waniseme vizuri. Na yeye nilimdanganya."

Kuni zilivunjika motoni, akazisogeza kwa mkono wa kushoto.

"Nilijua," alisema.

"Ulijuaje, mama?"

"Mtu akitaka kukuletea kitu chako, kwanza anakuuliza. Angeniuliza, mama unapita wapi, unashika nini mkononi, macho yako yako vipi. Wewe uliwaonyesha majirani migomba yao wenyewe. Wala hukukaribia njia yangu ya zizini." Alisema pole pole, bila kupandisha sauti, kama anayemfundisha mtoto kupepeta. "Sikukasirika. Wewe ni msichana, na wasichana hutaka kupendwa. Nami nilitaka upendwe, ndiyo maana nikanyamaza. Kumbe nimekosa pia. Ningesema siku ileile, mkono wangu ungekuwa mzima."

Nililia hapo, mwanangu. Hakunibembeleza wala hakunifukuza. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Sasa inuka. Ng'ombe hajui mambo ya machozi, anataka kukamwa."

Eliudi naye nilimwambia jioni hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu, "Ungeniambia." Siku kadhaa hakuniita kwa jina. Alirudi Voi kazini peke yake, mimi nikabaki Mwanda, maana niliomba nibaki mpaka mkono wa mama ushikane.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya hapo sikuwa nimeishuka njia ile alfajiri hata mara moja. Sasa niliishuka kila siku. Niliujua ukungu wa Mwanda, ambao ukiumulika kwa mwanga mkali unakurudishia weupe machoni kama ukuta. Nilijua kwamba mkono mmoja ni wa kibuyu na mwingine ni wa fimbo, na wa tatu wa tochi Mungu hakutuumba nao. Nilijua kwamba mtu anayekwenda zizini hana haja ya kuona ng'ambo ya bonde. Anataka kuona jiwe linalofuata, na kama kuna nyoka, basi. Nilikwenda mpaka kiduka cha karibu nikauliza betri. Walikuwa nazo mbili zimekaa rafuni siku nyingi, na mwenye duka akaniambia watu wa huku hununua mbili kwa shida, nani atanunua tatu?

Nikamuuliza mama sasa, kwa kinywa changu, jambo ambalo lingenichukua dakika chache kabla ya Krismasi. Alicheka kidogo. "Nataka kitu cha kuning'inia shingoni," alisema. "Kiwe chepesi hata nikisahau nimekivaa. Na nikikigusa kiwake, hata nikikigusa kwa mkono huu wa kushoto. Basi."

Niliposhuka Voi nilikwenda moja kwa moja kwa yule Mhindi mwenye duka. Nilimwambia tochi ya kijani. Hakuniuliza ile nyingine ilikwendaje, na nilimshukuru kwa hilo. Nilifumba macho pale pale dukani, nikaibonyeza kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ikawaka. Nikaiangusha juu ya gunia la mchele, nikaiokota, bado inawaka. Niliitia kamba ya katani kwenye kitanzi, nikaivaa shingoni, nikainama kama anayekama. Wateja walinishangaa. Waache washangae. Na alipotaja bei, haikufika nusu ya ile niliyotoa mwanzo. Nilipata aibu ya pili juu ya ile ya kwanza, kwamba nilikuwa nimelipa zaidi ili mzee aumie.

Tochi kubwa sikuitupa, maana haikuwa mbaya. Mama alimpa Mwadime, aliyekuwa akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe mwitu, akaifurahia kweli kweli. Ile ya kijani nilimpa mama jikoni, hakuna mtu mwingine ila Wakesho. Aliivaa, akaigusa, ikawaka juu ya mapaja yake. Hakutoa hotuba. Alisema, "Hii ni yangu," akaendelea kuchambua kunde.

Lakini majuto ni mjukuu, mwanangu, na huja kukaa. Mkono ule ulishikana ukiwa umepinda. Mama hakuweza tena kuinua jembe juu, wala kujifunga leso kwa nyuma. Kila nilipokwenda Mwanda, asubuhi nilimfunga leso mimi, nikisimama nyuma yake, na kila nilipokaza fundo nilijua kwa nini namfunga. Yeye hakulitaja hata mara moja mpaka anaingia kaburini. Wakesho naye akawa dada yangu, si kwa mdomo tu. Lakini sijawahi kumwangalia usoni bila kukumbuka kwamba nilimdhania wivu siku ambayo yeye peke yake alikuwa na huruma.

Basi nisikilize, wewe unayepokea mshahara wako wa kwanza na unataka kumkumbuka mzazi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo nao una macho, uyafumbue. Kabla hujafika dukani, fika kwanza, kwa mawazo, kwenye njia anayopita yule unayemnunulia. Mjue mkono wake, mjue na giza lake. Kama hujui, muulize. Kuuliza si ujinga, na hakuna mzee aliyedharau mtoto kwa kumuuliza anachohitaji. Usimnunulie mtu wa kawaida kitu cha fundi au cha askari kwa sababu kinang'aa. Mtu asiyependa mambo ya mitambo mpe kilicho rahisi kuwasha, chepesi kubeba, ambacho akiishiwa betri atazipata karibu na kwake. Wala usione haya kwa bei ndogo. Bei ndogo haijamvunja mtu mkono. Jaribu kitu kwa kidole chako kilicho dhaifu kuliko vyote, uone. Na zawadi ukishaipata, mpe mwenyewe mkononi, faraghani ikiwezekana, kisha umtazame yeye. Ukijikuta unawatazama watu, rudi nyuma ujiulize umemnunulia nani.

Na ukikosa, maana utakosa, nenda ukaseme mapema, kabla hujasifiwa kwa usichokuwa nacho.

Mwenyezi Mungu akupe mkono wa kutoa na subira ya kuuliza. Wazee wako wakushike kichwani wangali hai, wakuombee mema wakilijua kosa lako, na wakuombee hivyo hivyo wasipolijua. Nenda salama, mwanangu, na safari zako zote zikupitishe penye watu wanaokupenda kiasi cha kukwambia ukweli.